Mstari Uliovuka Ua wa Michongoma

Ukienda Eldoret kwa barabara kutoka Nairobi, unavuka ikweta muda mfupi kabla ya Timboroa, na baridi ya huko hupenya ndani ya matatu hata madirisha yakifungwa. Abiria wenzangu walikuwa wamelala. Mimi nilikuwa macho, maana safari yangu ilihusu namba. Nairobi na kwetu Mombasa ziko kusini ya ikweta, na latitudo zake huandikwa kwa kutanguliza alama ya kutoa. Huko nilikokuwa nikielekea alama hiyo haipo. Latitudo ya shamba nililoalikwa, Yamumbi, inaanza na 0.4, na kwa kuwa uzi mmoja wa latitudo una takriban kilomita 111, mtu anaweza kukadiria bila kufungua ramani kwamba hapo ni kama kilomita 50 kaskazini ya ikweta.

Baada ya Timboroa barabara inateremka. Burnt Forest wanauza viazi na kabeji kando ya lami, kisha nchi inajitandaza: nyanda za Uasin Gishu, zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari, mahindi huku na ngano kule. Eldoret ilipandishwa hadhi kuwa jiji Agosti 15, 2024, lakini kuna wazee ambao hadi leo huiita Sisibo, jina la tangu enzi za walowezi, posta ilipowekwa kwenye shamba namba 64. Sikukaa mjini. Nilipanda matatu nyingine ya barabara ya Kapsabet, tukapita Langas, na kabla sijazoea kiti makanga akagonga bati. "Yamumbi! Mzee, si ulisema unashukia hapa?"

Nilikuja kuona jinsi njia ya droni inavyowekwa kwenye ramani ya kompyuta baada ya droni yenyewe kutua. Video za droni nimetazama nyingi. Siku hizi harusi haikamiliki bila hiyo, wala kampeni. Lakini video huonyesha kile ambacho mwenye kamera alitaka tukione. Droni huandika kumbukumbu nyingine pasipo kuombwa: ilikuwa wapi, kwa kimo gani, kwa kasi gani, na betri ilibaki kiasi gani, mara kadhaa kwa sekunde, tangu mapangaboi yaanze kuzunguka hadi yatulie. Hiyo ndiyo niliyoifuata kutoka Pwani.

Mwenyeji wangu ni kijana aliyesomea upimaji wa ardhi, mwenye leseni ya kurusha droni. Mteja wake siku hiyo alikuwa mzee mwenye ekari tisa za mahindi. Ulikuwa mwezi wa Juni, mahindi yamefika magotini, na mvua ilikuwa imeacha mabaka ya manjano ambayo mzee hakuweza kuyaona yote kwa kutembea. Mbolea ya kukuzia ina bei, na alitaka kujua ni wapi aimwage na ni wapi achimbe mtaro kwanza.

Kabla hatujaenda shambani kijana alifungua laptopu akanionyesha duara jekundu. Kitovu chake kilikuwa uwanja wa ndege wa Eldoret, ulioko kusini mwa jiji upande wa Kapseret, wenye njia ya kurukia ya karibu kilomita tatu na nusu. Kutoka kitovu hadi ukingo wa duara ni kilomita 10, na Yamumbi ilikuwa ndani. Kanuni za Kenya za mwaka 2020 kuhusu ndege zisizo na rubani zinakataza kurusha droni karibu hivyo na uwanja mkubwa bila idhini ya Mamlaka ya Usafiri wa Anga, KCAA. Zinakataza pia kupanda juu ya futi 400, yaani kama mita 120 kutoka ardhini, na kuwakaribia watu au majengo ya wengine chini ya mita 50. Idhini alikuwa nayo, na kabla ya kurusha alizungumza kwa simu na watu wa mnara. "Hapa kwetu, mzee, ukisahau duara hili," aliniambia, "ndege ya abiria ndiyo itakukumbusha."

Kuruka kwenyewe kulikuwa kwa muda mfupi, na ukweli ni kwamba hakukuwa na mengi ya kutazama. Mpango ulikuwa umechorwa tangu usiku. Droni ilipanda hadi mita 60, ikaanza kwenda na kurudi juu ya mahindi kama trekta linavyolima, mstari kwa mstari, ikipiga picha moja baada ya nyingine huku kamera imeelekezwa chini wima. Hewa ya nyanda za juu ni nyepesi, mapangaboi hulazimika kuzunguka kwa kasi zaidi kuliko yangezunguka Mombasa, na betri huisha mapema. Kazi hufanywa asubuhi kwa sababu mvua ya huko hupenda alasiri. Katikati ya kazi mwewe alijitokeza, akazunguka, akashuka mara moja karibu na droni. Kijana akashika rimoti, akaipandisha droni wima, mwewe akaachana nayo, na kazi ikaendelea hadi mwisho.

Tulirudi nyumbani kwa mzee, tukapewa chai ya maziwa na viazi vitamu, laptopu ikawekwa mezani. Kampuni zinazotengeneza droni huandika rekodi kila moja kwa namna yake, kwa hiyo kuna programu za kugeuza rekodi hizo ziwe faili linalosomeka kwenye ramani yoyote. Faili linalotumika sana linaitwa KML. Lilianzia kwenye kampuni ya Keyhole, ambayo Google iliinunua mwaka 2004 na kutokana nayo ikatoa Google Earth. Mwaka 2008 KML ikawa kiwango cha wazi ambacho mtu yeyote anaweza kukitumia. Kijana hufungua yake kwenye QGIS, programu ya bure iliyoanzishwa mwaka 2002 na kuendelezwa hadi leo na watu wa kujitolea kutoka nchi nyingi. Chini aliweka picha ya setilaiti ya Yamumbi: mapaa ya mabati, mikaratusi, vipande vya mashamba vilivyogawanywa kwa nyua za michongoma. Juu yake ukajichora mstari wa njano.

Alinifundisha kuusoma. Ukiukuza, mstari unavunjika kuwa nukta. Nukta zinaandikwa kwa vipindi vya muda vinavyolingana, kwa hiyo nafasi kati yake ni mwendo: zikiachana, droni ilikwenda mbio, zikibanana, ilipunguza, zikirundikana mahali pamoja, ilisimama hewani. Kwenye kila kona zilibanana. Droni ilipoelekea mashariki zilikuwa karibukaribu kuliko ilipoelekea magharibi, na mashariki ndiko upepo ulikokuwa ukitoka. Mahali pa mwewe palikuwa na rundo la nukta, na kwenye grafu ya kimo mnara mwembamba ulioruka kutoka mita 60 hadi karibu 80. Saa iliyoandikwa hapo ilikuwa 06:21. Rekodi hutumia saa ya dunia, na Kenya iko mbele kwa saa tatu. Ilikuwa saa tatu na dakika ishirini na moja asubuhi.

Kimo ndicho kilichonichukua muda kukielewa. Kijana alilifungua faili lile lile kwenye Google Earth, mstari ukatoweka kabisa. Haukuwa umepotea, ulikuwa chini ya ardhi. Droni ilihesabu mita 60 kutoka pale iliporukia, lakini programu ilizichukua kuwa mita 60 kutoka usawa wa bahari, na Yamumbi iko zaidi ya mita 2,000 juu ya bahari. Kwa mujibu wa ramani, droni yetu ilikuwa imepita chini ya mizizi ya mahindi, kilomita mbili chini. Kuna kitufe cha kuiambia programu ihesabu kimo kutoka ardhini. Alikibonyeza, mstari ukaibuka, lakini sasa ulikuwa na mawimbi: palipo na bonde mstari ulishuka, palipo na mwinuko ulipanda, ilhali tulikuwa tumeiona droni ikienda sawasawa. Programu ilikuwa ikibandika mita 60 juu ya umbo la ardhi inalolijua yenyewe. Dawa yake ni kuchukua kimo cha pale iliporukia, kukijumlisha na kimo cha kila nukta, ndipo mstari unakaa mahali ulipokuwa kweli. Alifanya hivyo, na mawimbi yakaisha.

"Kwa hiyo ramani inaweza kusema uongo mara mbili," nikamwambia, "na faili likawa ni lile lile."

"Ramani haisemi kitu, mzee. Ni mimi ndiye ninayeiambia iseme."

Tulikuwa hapo jirani alipobisha. Alikuwa mama wa makamo, mwenye shamba linalopakana na la mzee, amejifunga leso kiunoni na mikono ina unga. Alisalimia mmoja mmoja, akakataa chai kwanza, kisha akaikubali, na kikombe kilipofika nusu akasema kilichomleta. "Kijana wangu, ile kitu yenu ilipita kwangu?"

Lazima nieleze kwa nini swali hilo, mahali hapo, si dogo. Uasin Gishu ilikuwa nchi ya mashamba ya walowezi, na baada ya uhuru watu wa makabila mbalimbali walinunua vipande na kujenga. Baada ya uchaguzi wa Desemba 27, 2007, zaidi ya watu 1,100 waliuawa nchini Kenya na mamia ya maelfu wakahama makwao. Yamumbi ilichomwa. Kiambaa, kanisa lenye watu waliokimbilia hifadhi liliteketezwa Januari 1, 2008, na si mbali kutoka tulipokuwa tumekaa. Mtu aliyewahi kuona nyumba za mtaa wake zikichaguliwa, hii ibaki na hii iwake, hawezi kupuuza chombo kinachopita juu ya bati lake na kuondoka na picha. Mama hakusema hayo yote. Alisema tu, "Sisi wa hapa mtu akihesabu maboma yetu, tunauliza ni ya nini."

Kijana alimvutia kiti karibu na laptopu. Alimwonyesha shamba la mzee, ua wa michongoma, na upande wa pili paa lake mwenyewe, ambalo mama alilitambua kwa tangi la maji. Kisha akauwasha mstari wa njano. Ulivuka ua. Si mara moja: kila droni ilipofika mwisho wa mstari ilihitaji nafasi ya kugeuka, na kona hizo zilianguka mita 10 au 12 ndani ya shamba la mama. Mzee mwenye shamba akakohoa. Kijana hakuzificha. Akawasha nukta nyingine, nyekundu, zinazoonyesha mahali kila picha ilipopigwa, na hakuna nyekundu hata moja iliyovuka ua. "Ilipita, mama, lakini kule kwako haikupiga picha. Iligeuka tu."

Ningekuwa mimi ningeridhika. Nilikuwa nimetumia asubuhi nzima kujifunza kuuamini mstari ule. Mama hakuridhika. Alitazama skrini, akaweka kidole kwenye nukta nyekundu iliyo karibu kabisa na ua. "Hapa ilipiga?" Ilipiga. "Sasa ikiwa hapa, jicho lake linafika wapi?"

Swali hilo mstari hauwezi kulijibu. Mstari unasema chombo kilikuwa wapi; hausemi kamera ilifika wapi. Kijana alikaa kimya kidogo, kisha akafanya hesabu mbele yetu. Kwa lenzi aliyotumia, kutoka mita 60, picha moja hufunika ardhi yenye upana wa karibu mita 90. Nukta ikiwa juu ya ua wenyewe, nusu ya upana huo, mita 45, iko upande wa jirani. Akaiamuru QGIS ichore mstatili kwa kila picha, ukubwa wa kile ilichokiona. Ramani ikajaa mistatili ya buluu inayolaliana, na kando ya ua ikamwagika kwa mama: banda la ng'ombe, kamba ya nguo, bafu ya nje isiyo na paa, na njia ya miguu inayofuata michongoma ambayo watoto huipita kwenda shule. Nyumba yenyewe ilikuwa nje ya buluu. Bafu ilikuwa ndani.

Nimefikiri sana juu ya dakika hizo tangu nirudi. Mtaalamu aliuliza droni ilipita wapi, kwa kuwa hilo ndilo kanuni inauliza, na ndilo rekodi inalijibu kwa usahihi wa kupendeza. Jirani aliuliza alionekana wapi. Katiba ya Kenya, kifungu cha 31, inamlinda mtu dhidi ya mambo yake ya faragha kufichuliwa, na Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inahesabu picha ya mtu anayetambulika kuwa ni data yake. Zote mbili ziko upande wa swali la mama. Lakini laptopu nyingi za warusha droni zina mistari, hazina mistatili. Kuichora hakuhitaji kifaa kipya. Kunahitaji mtu wa kuuliza, na mtu huyo aweze kukaa mbele ya skrini.

Ukanda huu wa dunia una historia yake ya ramani za namna hiyo. Januari 2008, wakati moshi bado unafuka, Ory Okolloh, Juliana Rotich, Erik Hersman na David Kobia walianzisha Ushahidi, ramani ya kompyuta ambayo mwananchi aliweza kutuma ujumbe mfupi wa simu kueleza kilichotokea mtaani kwake, nacho kikawekwa nukta mahali pake. Programu hiyo baadaye ilitumika Haiti na kwingineko duniani. Zile zilikuwa nukta zilizotoka chini, kwa watu wenyewe. Kisha kuanzia 2016 Zanzibar ilipigwa picha kutoka juu, Unguja na Pemba, kwa droni ndogo zenye mabawa, kazi ya Kamisheni ya Ardhi pamoja na wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ili visiwa vipate ramani mpya. Ramani za juu zina faida kubwa na sitaki kuzikosea adabu. Mzee wa Yamumbi alipata kujua mabaka yake ya manjano kabla mbolea haijaharibika. Ila ya juu huwa na nguvu ya kuaminika pale tu wa chini anapoweza kuisahihisha.

Mama aliuliza pia kuhusu Jumapili jioni, aliposikia mvumo kama ule juu ya nyumba yake. Kijana alifungua orodha ya safari zake zote. Jumapili hakukuwa na kitu. Alimwonyesha. Mama akakubali kwamba si yeye, na palepale akagundua lililobaki: rekodi ya mtu mmoja inamwondolea lawama mtu mmoja, haisemi nani mwingine aliruka. Hilo halikuwa na jibu pale mezani.

Yaliyokuwa na majibu yalijibiwa. Picha zote zilizovuka ua zilikatwa penye michongoma kabla ya mzee kupewa ramani yake, na mama alitazama zikikatwa. Mzee alipouliza kwa utani kama basi ramani ile inaweza pia kumaliza ule mjadala wao wa zamani kuhusu mpaka, kijana alikataa haraka. Picha ya droni si upimaji wa mpaka. Katika Kenya mzozo wa mpaka hupelekwa kwanza kwa msajili wa ardhi, na ramani nyingi za usajili huchukua ua kuwa alama ya jumla tu. Mama na mzee walicheka kwa pamoja, kicheko cha watu waliokwisha kugombana na kupatana.

Kwa kuwa mbolea ingemwagwa kwa awamu, shamba lilihitaji kupigwa picha tena, na mpango wa pili ulichorwa na watu wanne. Kijana aliigeuza mistari ifuate urefu wa shamba, sambamba na michongoma, ili kona zote ziangukie upande wa barabara na upande wa mtaro, ndani ya ardhi ya mzee. Alishusha kimo hadi mita 50 ili picha zipungue upana, akausogeza mstari wa kwanza ndani kwa nusu ya upana huo. Ukanda wa karibu na ua ungepata picha chache kuliko kwingine; mzee akasema huko mahindi yake hayana ugonjwa, anayaona akisimama mlangoni. Mama akataja saa ambazo watoto hupita njia ya miguu, na saa ya kurusha ikasogezwa mpaka wawe darasani. Hakuna kati ya hayo lililogharimu zaidi ya betri moja ya ziada.

Mwisho kijana alimtumia mama faili kwenye simu: mstari, nukta nyekundu, mistatili ya buluu. Alimfundisha kulifungua, jinsi alivyonifundisha mimi, na alipokwama mama akamwita mwanawe wa kidato cha tatu, aliyelifungua mara moja na kuanza kuuliza mambo ambayo mimi sikuwa nimeyafikiria: betri ilibaki asilimia ngapi droni ilipokuwa juu yao, na ingezimika hapo ingeangukia wapi. Kijana akavuta kiti, akaanza kuichora ramani hiyo nayo.